Nyuma ya pikipiki ya bwana hatukai kama mzigo

Dada zetu, na zaidi nyinyi mabibi harusi mnaohesabu siku, sikilizeni. Leo hatuna mada ya hina wala ya singo. Tuna mada ya pikipiki. Msicheke. Wengi wenu, siku ya nne au ya tano baada ya harusi, mtaambiwa, "Vaa, twende tukatembee," na kitakachokuwa kinakusubiri mlangoni si gari. Somo wako atakufundisha mengi, lakini namna ya kukaa nyuma ya pikipiki hajakufundisha mtu. Sisi hatukufundishwa, na nusura tulipe kwa shingo.

Kwanza mtujue. Sisi ni watu wa Unguja, fundi wa nguo za kike, tumeolewa Kyela huu mwaka wa sita. Bwana ananunua mpunga kwa wakulima, anaukoboa, anausafirisha. Ule mchele wa Kyela mnaougombania sokoni Darajani, sehemu yake umepita mikononi mwake. Sisi tuna chumba cha cherehani pale mjini, mashine mbili na msichana wa kutusaidia. Humu tukisema "sisi", mara nyengine ni mtu mmoja, mara nyengine ni mume na mke. Mtatuelewa tu.

Bwana anapenda mbio za pikipiki. Si mpira, si taarabu, si kahawa barazani. Jumapili mashindano ya MotoGP yakiwa hewani, simu inaegemezwa kwenye kopo la sukari na hapo umempoteza. Mwanzo wa ndoa tulikuwa tunanuna. Tunapika, tunapakua, chakula kinapoa, yeye macho kwenye kona. Halafu siku moja tukakaa naye na kazi yetu ya mkono, tukaanza kuziangalia nguo zao. Fundi ni fundi. Lile vazi la ngozi ni kipande kimoja kutoka shingoni hadi kifundoni, ngozi ya ng'ombe au ya kangaruu, na penye viungo wameweka kitambaa cha kuvutika ili mtu aweze kujikunja. Magotini mna vipande vigumu vya kusugua lami wanapoinama kwenye kona. Na tangu 2018 kila dereva wa mashindano yale analazimika kuvaa vazi lenye mfuko wa hewa ndani yake, unaojaa wenyewe akirushwa, kabla mwili haujapiga chini. Basi bwana akawa anaangalia nani anaongoza, sisi tunahesabu mishono. Tukaanza kuulizana. Tukaanza kucheka. Chakula kikawa kinapoa kwa wote wawili.

Ndoto yetu ni kwenda Lusail, kule Qatar. Uwanja ule mzunguko wake mmoja ni kilomita 5 na mita 380, na 2008 ndipo walipokuwa wa kwanza duniani kukimbiza mbio hizo kubwa usiku, chini ya mataa. Pikipiki zinapita pale kwa zaidi ya kilomita 350 kwa saa. Wifi yetu anaishi Doha, ametualika mara tatu. Nauli haijatimia. Mwaka jana mwezi wa Juni bwana akasema, madhali Qatar ni mbali, twende Matema kwa pikipiki, wawili tu, watoto wabaki kwa bibi yao. Siku nzima. Tuifanye hiyo ndiyo Lusail yetu.

Tukisimulia haya wapo wanaokunja uso. Mke ana kazi gani kwenye michezo ya wanaume? Dada zetu, Bibi Aisha, Mungu amuwie radhi, alishindana mbio za miguu na Mtume, rehema na amani zimshukie, wakiwa safarini. Mara ya kwanza alishinda yeye. Baadaye, alipoongezeka mwili, wakashindana tena akashinda Mtume, naye akamtania mkewe kwamba hii ni badala ya ile. Na ile siku ya Idi, Wahabeshi walipocheza na mikuki yao msikitini, Bibi Aisha alitazama akiwa nyuma ya Mtume, shavu lake kwenye shavu la mumewe, na Mtume akasimama pale pale mpaka Bibi Aisha mwenyewe ndiye aliyetosheka kutazama. Hii sehemu ya mwisho muishike. Tutaihitaji.

Basi Jumamosi ile tukatoka baada ya jua kuchomoza. Kutoka Kyela mjini unafuata njia ya Mbeya hadi Kikusya, hapo unakata kulia, unapita Ipinda, unateremka mpaka Matema, ncha ya kaskazini kabisa ya Ziwa Nyasa. Kutoka Kikusya ni kilomita kama 39, na sasa yote ni lami. Milima ya Livingstone iko mbele yako, inakuwa mikubwa kila unapokwenda. Asubuhi ya mavuno harufu ya njia ile ni mbili: mpunga mbichi, na kakao iliyovundikwa, ambayo inanuka kama siki. Tulikuwa tumevaa baibui jipya la krepu, mikono mipana, nyuma linaburura kidogo, kazi ya mikono yetu. Helmeti ilikuwa moja, nayo ilikuwa kichwani kwa bwana. Tulikaa upande, kistaarabu, mkono mmoja begani kwake, mwengine umekumbatia kapu la chakula.

Hapa tuwaeleze kitu nyinyi wa visiwani, maana hapa ndipo tulipojidanganya. Sisi tumekulia kwenye vespa. Baba alikuwa nayo, mjomba alikuwa nayo, skuli tulipelekwa kwa vespa, tukaona kupanda kitu cha magurudumu mawili hatuna haja ya kuambiwa na mtu. Lakini hebu iangalieni vizuri vespa. Tairi lake dogo, halina spoku, limefunikwa na mabawa ya bati. Cheni haina kabisa. Miguu inakaa juu ya kibao. Mwanamke wa Unguja anaweza kukaa upande kwenye vespa na baibui lake mpaka uzeeni asijue hatari iko wapi. Pikipiki ya huku bara ni kitu chengine: tairi refu liko wazi, spoku zinakata kama feni, na cheni inazunguka sentimita chache tu kutoka pindo la nguo yako. Kikinga matope kilishang'oka zamani. Sisi tulipanda pikipiki kwa akili za vespa.

Tulipoipita Ipinda, vijana wawili wa bodaboda walikuja nyuma yetu, wakatupita, na mmoja akageuza kichwa akacheka. Hilo tu. Sasa mwanamme anayetazama Lusail kila mwaka, achekwe na mtoto wa bodaboda? Tuliuona mgongo wake ukishuka juu ya tangi, kama vile anavyowaona wakifanya kwenye simu. Pikipiki ikaruka mbele. Na tuseme kweli, maana uongo hautusaidii: dakika ya kwanza tulifurahi. Upepo, milima, vijana wale wakageuka kutuangalia na mshangao. Tulicheka kwa sauti.

Lakini ile haikuwa Lusail. Kwenye uwanja wa mbio wote wanakwenda upande mmoja, hakuna anayekuja mbele yako. Ukikosea kona kuna bwawa la kokoto la kukupunguza mwendo, kuna watu wa bendera, kuna ambulensi iliyowashwa inasubiri. Hakuna mbuzi. Njia ya Matema ina mpunga na kakao zimeanikwa kwenye maturubai pembezoni mwa lami, ina watoto, ina bibi anayevuka bila kutazama, na ina baiskeli, kwa sababu Kyela ni mji wa baiskeli: mikungu ya ndizi imepandana, madumu ya mawese, abiria aliyejishikilia. Baiskeli moja kama hiyo ilichepuka, bwana akaikwepa, kapu likatuchoropoka, tukalidaka kwa mikono miwili. Basi hakuna mkono uliobaki kuzuia nguo. Baibui likajaa upepo, likafunguka kama tanga, pindo likaingia.

Hatukusikia kitu. Tulivutwa tu kiunoni, kwa nguvu ambayo hatujapata kuvutwa nayo na kitu chochote. Kisha kitambaa kikaachana na sisi, tukajikuta kwenye majani ya pembeni, goti na kiwiko vimechunika, mandazi yametapakaa barabarani.

Mnajua nini kilituokoa? Mshono mbaya. Baibui lile tulilishona usiku wa kuamkia Idi, wateja wamejaa mlangoni, na mshono wa ubavuni tuliupitisha mara moja tu, bila kuurudia. La mteja tungelirudia mara mbili na kulifunga ukingo. Lingekuwa la mteja tungeburuzwa mpaka kwenye tairi. Kule Bangladesh, madaktari wameandika habari za wanawake na wasichana waliovunjika shingo, wengine wakapooza mwili, kwa sababu mtandio wao ulinaswa kwenye magurudumu ya riksho. Mtandio tu.

Tukainuka. Baibui kuanzia kiunoni halipo, liko kwenye cheni. Tumebaki na shimizi, na barabarani wanaume wanasimama, bodaboda kwa bodaboda, kila mmoja anataka kujua kumetokea nini. Sisi ambao hata kwenye ngazi za nyumbani tunashusha sauti tukisikia mgeni. Ndipo bibi mmoja mtu mzima, aliyekuwa anageuza kakao yake juu ya turubai, akaja mbio na kitenge alichojifunga mabegani, akaita wenzake kwa Kinyakyusa, wanawake wanne au watano wakatuzunguka, wakatupa mgongo wote, nyuso kwa wale wanaume. Akatufunga kitenge mwenyewe, akakikaza kama unavyomfunga mtoto. Hakutujua, wala si wa dini yetu, msalaba ulikuwa unaning'inia shingoni kwake. Tulimwambia ndaga fijo mpaka sauti ikakatika. Bwana alipofika akikimbia, helmeti bado kichwani, bibi alimuuliza swali moja tu: "Mlikuwa mnashindania nini, baba?" Bwana hakuwa na jibu.

Matema tulifika kwa mwendo wa baiskeli. Hatutaki mfikiri siku iliharibika yote, maana haikuharibika. Pale milima inasimama ndani ya maji moja kwa moja, na mchanga ni laini kama wa kwetu, ila maji hayana chumvi, na jeraha ukilinawisha haliwashi. Tuliswali Adhuhuri juu ya mkeka chini ya mwembe. Tulikula mbasa wa kuchoma. Ilikuwa siku ya vyungu, Wakisi wanavileta kwa mitumbwi kutoka Ikombe, wanawake ndio wanaovifinyanga, na tulinunua kimoja ambacho mpaka leo tunapikia mchuzi. Bwana alikaa kwenye maji akisugua grisi kutoka kile kipande cha baibui alichokichomoa kwenye cheni, kana kwamba kitashoneka tena. Alikuwa hajasema neno tangu kwenye kakao. Kisha akasema, bila kugeuka, "Nilisahau kama nimekupakia."

Maneno haya yalituuma kuliko goti. Tulinyamaza, tukaangalia ziwa. Lakini tulipoyafikiria tuliona amesema kweli, na sisi tulikuwa na mkono ndani yake. Ukikaa upande, kidole kimoja begani, huinami naye kwenye kona, humshiki, huna uzito anaousikia. Umekuwa gunia. Na gunia la mpunga yeye analifunga kamba!

Basi haya ndiyo maoni yetu, na tunajua wengine hamtayapenda. Nenda na mumeo kwenye anachokipenda. Kama ni pikipiki, panda. Kama ni mbio, zitazame naye, ujue majina, ujue nani kaanguka wiki iliyopita. Mume anayefurahi na mkewe hatafuti wa kufurahi naye. Lakini panda kama mtu, si kama furushi. Kaa mguu huku na mguu huku, miguu yote miwili juu ya vikanyagio, mikono imezunguka kiuno cha mumeo, ambaye ni halali yako na ulikula naye ubani. Kapu lifungwe nyuma. Sisi tumewekeana alama: tukimgonga begani mara moja anapunguza mwendo, mara mbili anasimama, na haulizi kwa nini mpaka amesimama. Mwendo ni wa yule aliye nyuma. Ndiyo tuliwaambia muishike ile ya Idi na Wahabeshi: aliyeamua imetosha ni Bibi Aisha, na mumewe akasimama kwa miguu yake mpaka hapo. Anayetaka kukimbia asikimbie na mke mgongoni, na asikimbie kwenye njia ya watu.

Mtatuambia kukaa hivyo ni aibu, mwanamke wa heshima anakaa upande. Tumelisikia kwa mama zetu na tunawaheshimu. Ila sisi tulikaa upande, na tukaishia barabarani na shimizi, tumesitiriwa na kitenge cha mtu. Ule mkao haukutusitiri. Waliotuambia tukae upande hawakuwahi kutuambia pindo liwekwe wapi.

Nguo ndiyo inayositiri, na nguo tunaijua. Tukaikalia kitako wiki nzima, tukakata, tukafumua. Ndani kuna suruali pana ya kitambaa kizito, gabadini inafaa, kifundoni ina mpira mpana ili isipeperuke. Juu yake joho linaloishia kidogo chini ya goti, si kwenye visigino, na lina mpasuo pande mbili, lakini mpasuo umefunikwa kwa kipande cha ndani, kama boksi, ukikaa linafunguka na hakionekani kitu. Hakuna mkia, hakuna shanga, hakuna kamba za mapambo. Mikono ina mpira. Mtandio unaingia wote ndani ya joho, usibaki hata ncha. Kichwani vaa kofia ya pamba ya kubana, bila pini, maana pini chini ya helmeti ni msumari, na nywele usizifunge fundo kisogoni kwa sababu helmeti itakaa kama sufuria juu ya jiwe. Baibui lako zuri likunje kwenye mkoba, ulivae ukifika. Na huu mshono jamani tunaurudia mara mbili, kwa kuwa safari hii hakuna cha kunaswa.

Halafu kuna la sanduku. Bi harusi mtarajiwa mwenye mchumba wa pikipiki, unapoandika orodha ya vitu vya sanduku, pale kati ya viatu na manukato, andika helmeti. Yako, ya saizi ya kichwa chako, yenye kioo na mkanda unaofunga. Tulipomwambia hivi mteja mmoja, mama yake alicheka mpaka akakaa chini, akasema watu watafunua sanduku waone kofia ya fundi wa majengo. Wacha waone. Chupa moja ya yale manukato mnayowaandikia wachumba inaweza kuizidi bei, na itakwisha kabla ya Mfungo Mosi. Mwanamme aliyenunua helmeti moja kwa pikipiki ya kupakia wawili, ameshakwambia kitu. Muulize kabla ya nikaha, kwa upole, asije akakwambia yeye kwa maneno kama yale tuliyoambiwa sisi ufukweni.

Bwana hakuwa mtu mbaya siku ile na si mtu mbaya leo. Helmeti ya pili aliinunua Jumatatu yake, asubuhi, kabla hajafungua ghala. Bado anaangalia mbio, bado chakula kinapoa.

Jumamosi ya tatu tulirudi njia ile ile kumrudishia bibi kitenge chake, tumekifua na kukipiga pasi, na juu yake boksi la halua iliyotoka Unguja. Tulikwenda polepole, tumekaa mguu huku na mguu huku, tumevaa joho jipya. Alitukumbuka. Halua aliiweka pembeni bila kuifungua. Akainama, akashika pindo la joho, akalifunua mpasuo akaona kile kipande cha ndani, akavuta mpira wa kifundoni na kuuachia, kama mtu anayekagua kuku sokoni. Akatuambia ana mjukuu wa kike, anasoma sekondari, kila siku anakwenda na bodaboda na sketi ya skuli, amekaa upande.

"Hii ya kwake itakuwa shilingi ngapi?"

Tukatoa futi kamba mkobani, tukamwambia amwite tumpime.